Kwa Bibi, Mama Pindo wa Kiwanja cha Matufe

Mwaka umetimia, Bibi, tangu utuage, na bado kuna watu wanaogonga dirisha la chumba cha kushonea wakiuliza kama suruali zao ziko tayari. Tunawaambia hayupo. Wengine wanatupa pole, wengine wanasimama tu pale dirishani, wanaitazama cherehani, kisha wanaondoka bila kuaga.

Miaka thelathini na nane uliikanyaga cherehani ile. Mtaa mzima ulikuita Mama Pindo, maana pindo la suruali likishapita mikononi mwako, uzi hauonekani hata mtu aligeuze juani. Futi ya kupimia ilikaa shingoni mwako tangu unaamka, na siku nyingine ulilala nayo. Ulikuwa unaongea na pini mdomoni. Sisi tuliokuzoea tulikuelewa, wageni walidhani unawatukana.

Wala hukumwaibisha mtu. Mteja akija na gauni lililogoma kufunga zipu, hata siku moja hukumwambia amenenepa. Ulikuwa unakivuta kitambaa kidogo, unatikisa kichwa, unasema, "Vitambaa vya siku hizi vinaruka sana, mwanangu, ukifua tu vinafupika. Ngoja nikuongezee." Mwenye gauni anaondoka zake akikilaumu kiwanda.

Hayo ya cherehani wengi wanayajua. Leo tunataka kuyasema ya matufe, kwa sababu wapo wanaotuuliza hadi sasa: yule mama aliyekuwa haondoki kitini bila kushika meza, ilikuwaje tukamwona amevaa sketi nyeupe, anatembea kwenye nyasi kama mkaguzi wa gwaride?

Ilianza na kifungo. Ulikuwa umefikisha sitini na mbili, magoti yamechoka kwa kukaa siku nzima, mgongo umekauka. Asubuhi moja kifungo kikadondoka, ukainama kukiokota, ukaanguka wewe, katikati ya meza na cherehani. Hukuvunjika popote, ila kuinuka ulishindwa. Mimi, mjukuu wako, nilikuwa nimepeleka nguo za wateja. Narudi saa nane mchana, nakukuta sakafuni umenyoosha miguu, unashonea shati vifungo.

"Bibi! Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipotoka. Nipe mkono. Na hicho kifungo kiko chini ya kabati, kitafute."

Jioni ile ile Baba Mkubwa akaja. Mwanao mkubwa, mtunza ghala, mtu wa kupanga vitu. Akiona kitu hakijakaa sawa hapati usingizi. Hakukaa hata kitini.

"Mama, hapa sasa basi. Kwangu chumba kipo, kitanda kipo, wajukuu wapo. Unahamia."

"Na cherehani?"

"Cherehani tutampa mtu."

Ukatunga uzi kwenye sindano. Sisi tulijua maana yake. Nyumba hii mliijenga na marehemu Babu chumba kimoja kimoja, na tangu afariki hukuwahi kuomba ufunguo wa mlango wa mtu. Kwako, kuamka nyumbani kwa mtu mwingine, hata kama mtu huyo ulimzaa mwenyewe, ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo.

Ukamwambia, "Nipe mwaka mmoja. Nikianguka tena, begi nitafunga mwenyewe, na hutanisikia nikilalamika."

Baba Mkubwa akakubali shingo upande. Mkapeana mikono kama watu wanaouziana kiwanja.

Daktari alikuambia dawa ya magoti yako ni kutembea, kuinama na kuinuka, kila siku. Ukamjibu, "Nitembee niende wapi, daktari? Kila ninachokitaka kiko ndani ya chumba kimoja." Wiki mbili ulizunguka ua. Ukachoka kuzunguka ua. Ulisema kuku wanakucheka.

Ndipo akaja yule mzee mrefu na suruali sita nyeupe begani. Alikuwa mpima ardhi, amestaafu, na sasa ni kapteni wa klabu ya matufe, pale nyuma ya ofisi za serikali, kwenye kile kiwanja chenye ua wa michongoma ambacho sote tulidhani ni bustani ya wakubwa. Suruali za wachezaji zilikuwa zinaburuta kwenye nyasi. Ulipomaliza kuzikunja, ukaamua kuzipeleka mwenyewe. Nikakusindikiza.

Tukawakuta watu wa rika lako, wengine wamekuzidi, wamevaa viatu bapa, wanatembea taratibu kwenye nyasi zilizokatwa hadi zikawa kama zulia. Kule mbele kuna kijitufe cheupe. Kila mtu anasimama kwenye kimkeka, anaviringisha tufe lake zito, na lililokaribia zaidi kile cheupe ndilo linalohesabiwa. Hakuna kukimbia, hakuna kusukumana. Lakini tufe moja likatoka limeelekea pembeni kabisa, tukasema hilo limepotea, mara likaanza kupinda lenyewe, likarudi ndani polepole, likalala ubavuni mwa kijitufe.

Ukamwambia Mpima Ardhi, "Hilo lenu lina kasoro. Limeegemea upande. Lirudisheni dukani."

Yule mzee alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama, yote yako hivyo! Yametengenezwa upande mmoja mzito. Ukilielekeza moja kwa moja, halifiki. Lazima uliache liende pembeni, ndipo lirudi."

"Kama kukata kikwapa cha mkono wa shati," ukasema. "Ukikata moja kwa moja, mkono haukai; lazima mkasi uzunguke."

"Mimi kikwapa sikijui."

"Basi nipe mimi ninayekijua."

La kwanza liliingia michongomani. La pili nalo. La tatu likapinda vizuri, likasimama shibiri moja kutoka kwenye kile cheupe, na wazee wote wakapiga makofi. Uligeuka ukanitazama, Bibi, na uso ule nilikuwa sijauona tangu Babu yuko hai.

Hukuwa hodari siku moja. Mwezi wa kwanza ulicheza mizunguko minne, ukakaa benchi. Mwezi wa pili saba. Kiwanja kile kina hatua arobaini kutoka mwisho hadi mwisho. Mimi nilizihesabu nikikungoja. Mchezo mzima una mizunguko kumi na nane, na kila mmoja ni kukivuka kiwanja mara moja. Kwa hiyo wewe uliyesema huna pa kwenda, ulikuwa unatembea hatua zaidi ya mia saba huku ukibishana tufe la nani liko karibu. Na kila tufe unaliinamia ulishike, unaliinamia tena uliachie. Daktari angekuambia uiname mara hamsini kwa siku, ungemfukuza. Kule uliinama mara hamsini na ukaomba mechi nyingine.

Mabadiliko tuliyaona nyumbani. Uliacha kuhesabu "moja, mbili, haya" kabla ya kuinuka kitini. Presha ikateremka, na daktari akakupunguzia vidonge. Hatusemi kila mtu atapunguziwa, kila mwili na mambo yake, tunasema tuliyoyaona. Usingizi ukarudi. Macho yako, yaliyozoea kutazama tundu la sindano tu, yakapata kutazama mbali. Na ulicheka. Zamani ulikuwa unaongea na mtu mwenye pindo tu, akishachukua suruali yake basi. Sasa una marafiki: wa kukutania, wa kukuuliza mbona jana hukuja. Siku moja wawili walibishania matufe mpaka wakataka kununiana, ukavua futi shingoni, ukapiga magoti nyasini, ukapima. "Huyu amemzidi mwenzake kwa upana wa uzi," ukasema, na tangu siku hiyo klabu nzima ilikuita Fundi.

Baba Mkubwa tulimficha. Hilo tunalikiri hapa mbele za watu. Hatukumdanganya, ila akipiga simu Jumamosi tulisema umetoka. Mwisho akajua, maana mke wake aliiona sketi nyeupe kwenye kamba.

Alikuja moto. "Mama, ni kweli unarusha matufe na wazee wa watu?"

"Hayarushwi. Yanaviringishwa."

"Nyasi zinateleza! Magoti yako unayajua. Ukianguka mle, unaanguka mbele za watu, na mimi nitaambiwa simtunzi mama yangu!"

"Kwani nimeanguka?"

"Bado."

"Basi tulia na bado yako."

Lakini hakutulia. Alisikia kuna fainali ya wawili wawili, wewe na Mpima Ardhi, dhidi ya mama mmoja mfamasia na mumewe, ambao hawakuwa wamefungwa mwaka mzima. Akasema atakuja kuangalia. Akikuona umeyumba, hata kidogo, mnatoka pale moja kwa moja kwenda kufunga mizigo. Mwaka mliokubaliana ulikuwa umebakiza wiki tatu. Ukamwambia, "Njoo."

Akaja kweli, na gari. Buti ameliacha wazi, tairi la akiba ameliacha nyumbani ili mizigo yako ienee. Shangazi, binti yako, aliliona lile buti akaanza kulia kabla mchezo haujaanza. Nikamwambia, "Shangazi, futa machozi, Bibi akituona hivi ataharibu." Tukakaa benchi, mikono tumeifinyia mapajani.

Ulicheza vizuri, Bibi. Asiyekupenda angesema hivyo hivyo. Mzunguko wa kumi na saba ulipoisha, mlikuwa kumi na nne kwa kumi na nne. Mzunguko wa mwisho, tufe la mfamasia likakaa karibu, na lililobaki lilikuwa moja tu, la kwako. Mpima Ardhi alikupigia kelele toka kule mbele, "Fundi! Kata kikwapa!"

Ukapanda kimkeka. Sasa hapo ndipo Baba Mkubwa alipoinuka na kusogea hadi ukingoni mwa nyasi, mikono mbele, kama mtu anayejiandaa kudaka mtoto. Ukamwona kwa jicho la pembeni. Na wewe ambaye kila siku ulitufundisha kwamba tufe lina alama mbili, duara dogo upande mzito na duara kubwa upande mwepesi, na kwamba kabla ya kuachia lazima utazame lile dogo liko wapi, siku ile hukutazama. Ulikuwa unamtazama mwanao.

Likatoka. Badala ya kupinda kuja ndani, likapinda kwenda nje. Likavuka mstari, likakata njia ya kuchezea ya jirani, likaenda, likaenda, likadumbukia kwenye kijitaro cha ukingoni kabisa, kule pembeni. Watu wote, "Aaah!"

Klabu ile ina desturi yake. Anayegeuza tufe, yaani akaliachia upande mzito ukiwa nje, awe kapteni, awe mgeni, hafuatiwi. Analifuata mwenyewe mpaka lilipo, na wengine wote wanasimama walipo, kimya, hadi arudi nalo kwenye kimkeka. Wameiweka ili kutaniana. Baba Mkubwa hakuijua. Akaanza kukimbilia mtaroni akuokotee.

Mpima Ardhi akamzuia kwa mkono. "Hapana, bwana. Analifuata mwenyewe."

"Mzee, niachie! Mama yangu ana miguu mibovu!"

"Miguu mibovu ya nani?" Mpima Ardhi akauliza, tena si kwa utani. Alikuwa hajui. Kwake ulikuwa Fundi tu, mchezaji wake. "Labda unamtafuta mama mwingine."

Basi ukaenda. Watu zaidi ya thelathini wamesimama, hakuna anayekohoa, na wewe peke yako katikati ya nyasi na sketi yako uliyoishona mwenyewe. Hukukazana, hukujikokota. Ukafika kwenye mtaro. Ukashusha mguu mmoja ndani, ukashusha wa pili. Hapo hapana meza, hapana kiti, hapana bega la mtu. Ukainama, ukalishika tufe lile la kilo moja na nusu kwa mkono mmoja, ukainuka. Ukapanda juu. Ukaligeuza, ukalitazama lile duara dogo, ukalichapa kofi kidogo kama mtoto mtundu, ukaanza kurudi huku unajicheka.

Mimi nilikuwa namtazama Baba Mkubwa. Mikono ilikuwa bado mbele. Kila hatua uliyopiga, inashuka kidogo.

Ulipompita hukusimama. Ulimwambia tu, kwa sauti ya kawaida, "Kafunge buti, mwanangu, linaingiza vumbi."

Mlifungwa kwa pointi moja. Mfamasia akakukumbatia. Mpima Ardhi akasema amepima mashamba ya nusu ya nchi lakini hajaona tufe linalokwenda mbali vile. Katika picha ya washindi wewe umesimama nafasi ya pili, na ndiye unayecheka kuliko waliochukua kikombe.

Nyumbani, mlangoni, Baba Mkubwa akazunguka zunguka na ufunguo wa gari mkononi.

"Mama, wiki tatu zimebaki," akasema.

"Najua. Nazihesabu."

"Usizihesabu. Umeisha huo mwaka." Akakohoa. "Ila tairi la akiba nimeliacha kwangu."

"Basi endesha polepole."

Uliishi miaka sita mingine katika nyumba yako. Kikombe mlikichukua mwaka uliofuata, na mwaka wa nne mkakichukua tena, lakini wewe wageni uliwaonyesha ile picha ya nafasi ya pili. Ulimvuta Shangazi, aliyekuwa anaumwa mabega kwa kazi ya kufua hospitalini. Ukamvuta fundi viatu wa kona, ambaye mgongo ulikuwa umeshaanza kufanana na kiatu. Ukavuta wanawake wanne wa mtaani waliosema ni mchezo wa wenye magari, ukawaambia, "Mimi nina cherehani, na nimeingia." Baba Mkubwa hakucheza. Alikuja kila Jumamosi kukaa benchi na kuwaeleza wageni sheria, nusu yake akikosea.

Ulipougua kifua, ugonjwa ulikuwa wa siku tisa. Siku ya tisa asubuhi ulikataa kushikwa. Ulinawa, ukarudi kitandani kwako kwa miguu yako, ukaniambia gauni la bibi harusi limebakiza pindo, nisikimbize mshono. Ukalala. Hukuanguka, Bibi.

Mchana ule tulikwenda redioni kutoa tangazo la msiba. Kijana wa dirishani alikuwa anajaza fomu, anauliza haraka haraka bila kuinua kichwa. Jina. Umri. Kazi. Kisha akauliza, "Mama mzee kama huyu, alikuwa anaishi kwa nani? Kwako?"

Baba Mkubwa alikuwa amelia tangu asubuhi, sauti imemkauka. Akajiweka sawa, akavuta shati, akanyoosha mabega kama mtu anayeitwa kupokea kikombe.

"Kwake," akasema.

Kijana akainua kichwa. "Kwa nani?"

"Andika kwake."

Kiwanja kiko wazi kila Jumamosi asubuhi, na matufe ya kuazima yapo. Anayedhani magoti yake yamemaliza kazi aje ajaribu. Avae viatu bapa, akubali kuchekwa wiki ya kwanza.

Unakumbukwa kwa fahari na mwanao mkubwa, mtunza ghala, pamoja na mkewe na watoto wao. Binti yako wa hospitalini. Mjukuu wako niliyebaki na cherehani. Fundi viatu wa kona. Mpima Ardhi na wote wa klabuni. Na wateja wako, ambao vitambaa vyao vinaendelea kuruka.

Tunakukumbuka leo, Bibi, na siku zote zitakazotukuta hai.